Ujumbe Uliopelekwa Si Ujumbe Uliopokelewa

Kuziandikia programu mikrokontrola mbili ili zipelekeane habari kwa redio si kazi ngumu siku hizi. Kibao kiitwacho micro:bit, ambacho mwaka 2016 kiligawiwa wanafunzi wapatao milioni moja nchini Uingereza, kina redio ndogo itumiayo mawimbi ya gigahezi 2.4. Mwanafunzi huandika mistari michache tu: kibao cha kwanza chapeleka neno, cha pili chalipokea na kuwasha taa. Darasa hupiga makofi, na somo hukomea hapo. Kukomea hapo ni kosa.

Kibao hicho hupeleka ujumbe bila kungoja jibu, hivyo mpelekaji hajui kama umefika. Katika lugha ya MicroPython, kipokeacho huweka akiba ya jumbe tatu tu kisipoongezewa nafasi. Akiba ikijaa, ujumbe ujao hutupwa. Vibao viwili vipelekapo kwa wakati mmoja, mawimbi huvurugana. Tena, namba ya kikundi, kuanzia 0 hadi 255, si kufuli: kibao kingine chenye namba hiyo, katika mkondo ule ule, husikia yote na chaweza kupeleka amri ya uongo.

Tatizo hili lina dawa ya zamani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuendesha ALOHA, mtandao ulioviunganisha vituo vya visiwani na kompyuta kuu kwa redio. Kituo kilichopeleka ujumbe kilingoja stakabadhi. Kisipoipata, kilisubiri kwa muda wa kubahatisha, kisha kikapeleka tena. Muda huo uliviepusha vituo viwili vilivyogongana visigongane mara ya pili.

Yafaa basi kila ujumbe wa darasani upewe namba, na kipokeacho kiirudishe namba hiyo kama stakabadhi. Stakabadhi ikipotea, ujumbe utarudiwa, lakini namba itaonyesha kwamba amri ile imekwisha kutekelezwa. Wanafunzi na wapeleke jumbe 100, wahesabu zilizofika, kisha warudie vibao vikiwa vimetengwa kwa ukuta.

Wako watakaosema kwamba vipindi havitoshi. Lakini mwanafunzi wa leo ndiye atakayeunda kesho kengele ya moto. Ujumbe wa kengele hiyo ukipotea njiani, waliolala hawataamshwa na makofi ya darasani.