Utu Haupimwi Uwanjani

Juma hili tutafakari habari za kijana aliyecheza mechi mbili tu katika timu kubwa ya chuo chake. Jina lake ni Jack Trice, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Ohio, mwaka 1902. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza mweusi katika Chuo cha Iowa State, akicheza kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira na kuangushana. Masomo yake yalikuwa ya ufugaji, kwa nia ya kuwasaidia wakulima weusi wa Kusini.

Usiku wa kuamkia mechi dhidi ya Minnesota, Oktoba 1923, aliandika barua hotelini. Alijiambia kwamba heshima ya watu wake, ya jamaa yake na yake mwenyewe ilikuwa mizani, na kwamba lazima ajitoe kabisa. Kesho yake, tarehe 6, alivunjika mtulinga mapema, akaendelea kucheza. Katika robo ya tatu aliangushwa na kukanyagwa. Kama ilikuwa kwa makusudi, watu wamebishana hadi leo. Tarehe 8 alifariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili, mwenye umri wa miaka 21. Barua ile ilikutwa mfukoni mwa koti lake.

Wengi humsifu kwa ushujaa, nasi hatumnyimi sifa hiyo. Lakini tunajiuliza: ni nani aliyemtwika kijana huyu mzigo wa kuthibitisha utu wa watu wake wote kwa mwili wake? Mwenzake mzungu aliyekosea aliitwa mchezaji dhaifu, basi. Yeye angekosea, wangelaumiwa wote wanaofanana naye. Utu hupewa mtu anapozaliwa. Haununuliwi kwa mtulinga uliovunjika.

Majuto ni mjukuu. Wanafunzi walianza kudai katika miaka ya 1970 uwanja uitwe kwa jina lake. Mwaka 1984 likapewa eneo la kuchezea tu, na mwaka 1997 uwanja mzima. Miaka 74 ilikuwa imepita tangu kuzikwa!

Basi tujihoji nyumbani mwetu. Tunapomwambia mtoto, "Usituaibishe," je, tunamtia moyo, au tunamtwika heshima yetu sisi wazazi? Tumwambie mapema, kabla ya mtihani na kabla ya mechi, kwamba akishinda au akishindwa, bado ni mtu, na bado ni wetu.