Uso wa Bibi Harusi Usiguswe

Siku hizi bibi harusi hupigwa picha Kapseret, kisha fundi wa kompyuta akambandika mbele ya bahari ya Lamu. Kazi hizo nimezitazama, na nyingi hazishikani. Kapseret, penye uwanja wa ndege wa Eldoret, iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na vivuli ni vikali. Pwani unyevu hutanda, vya mbali vikafifia. Fundi hodari hulinganisha kwanza giza la picha zote mbili, kisha mwangaza, ndipo aguse nyekundu, kijani na buluu. Mwenye pupa humpausha bibi harusi mpaka afanane na mchanga wa Shela.

Maradhi haya ni ya zamani. Kwa miaka mingi maabara zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na nyuso zetu zikatoka kama makaa. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6, ambayo kamera yake ilitengenezwa ili ionyeshe vyema na ngozi nyeusi. Ikiwa chombo kimesahihishwa, fundi wetu ana udhuru gani? Bahari imeletwa kumpamba bibi harusi. Basi irekebishwe bahari, uso usiguswe.