Hadubini ya Jumamosi: Tusinunue Namba

Wazazi wenzangu,

Mchango wa hadubini ya darasa letu unakaribia kutimia, na tayari nimeonyeshwa matangazo ya hadubini za "mara 2000". Naomba tusizinunue. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukuzaji hupatikana kwa kuzidisha lenzi ya juu, ya jichoni, kwa lenzi ya chini, iliyo karibu na kitu unachokitazama. Ya juu ikiwa 10 na ya chini 40, unapata mara 400. Hiyo 2000 hupatikana kwa kuweka lenzi ya juu ya 20 kwenye ile ya chini ya 100. Ni kama kuvuta picha kwenye simu: inakua, lakini huoni kipya.

Uwezo wa kweli umeandikwa ubavuni mwa lenzi ya chini. Ukisoma 40/0.65, hiyo 0.65 inaeleza jinsi lenzi inavyokusanya mwanga na kutenganisha vitu vidogo. Izidishe kwa 1000: ukivuka mara 650, unakuza ukungu tu.

Kwa watoto wetu nashauri lenzi tatu za chini zilizo bora: 4 ya kutafutia, 10 ya kuonea seli za utando wa kitunguu cha Rye Lane, na 40 ya kuonea kiini cha seli na viumbe wadogo wa maji ya ziwa la Peckham Rye.

Mtauliza, na malaria je? Kweli, wataalamu wa maabara kule nyumbani hutafuta vimelea kwa lenzi ya 100, tena kwa tone la mafuta maalumu. Lakini lenzi hiyo hukaribia mno kugusa kioo. Mtoto wa miaka saba atakivunja. Tuchague hadubini yenye nafasi nne, ya nne isubiri darasa la wakubwa. Skrubu si tatizo: nyingi hufuata kipimo cha chama cha hadubini kilichoanzishwa hapahapa London mwaka 1839. Muhimu ni lenzi zote ziwe na alama moja, ama 160 ama ∞, msizichanganye.

Mtoto akikiona kiini kwa jicho lake, atauliza kinaitwaje, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapopata kazi. Akiona ukungu, atarudi kwenye simu yake.