Karatasi moja, maulizo matatu



Tunajinyima, tunalipa minervale, na mwisho wa mwaka mtoto anarudi nyumbani na kozi tatu za sesheni ya pili. Tukimuuliza anajibu: «Mama, tangu siku ya kwanza sikufahamu.» Mbona hakusema? Sisi wenyewe tulimwonya: «Nyamaza, profesa asikukatie pointi.»

Kuna njia ya kusema bila kuogopa. Profesa anagawa kipande cha karatasi kisicho na jina, na maulizo matatu: Nini kinakusaidia kufahamu? Nini kinakuzuia? Tubadilishe nini? Dakika tano zinatosha, na haiombi intaneti. Hata promosyo ikiwa na watu 200, anapanga karatasi kwa mafungu: sauti haifiki nyuma, silabusi haijatoka, mifano ni michache. Anaanza na fungu kubwa.

Wakati ni jambo kubwa. Kwetu Kongo profesa mara nyingi anatoka mji mwingine, anamaliza kozi kwa siku chache, anaenda. Akiuliza siku ya mwisho, anasaidia watakaokuja mwaka ujao. Akiuliza siku ya pili, anasaidia mtoto wako.

Karatasi zikusanywe na wanafunzi wenyewe. Kesho yake profesa aseme: «Mmeniambia hivi, hili nitabadilisha, hili siwezi, na sababu ni hii.» Asipojibu, mara ya pili hawataandika kitu.

Tena aulize juu ya somo, si juu ya mtu. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanafunzi wa kozi ya intaneti walimpa mwalimu pointi kidogo walipodhani ni mwanamke, na zaidi walipodhani ni mwanaume, hata kama alikuwa yule yule. Binti zetu watakaofundisha kesho, hiyo inawahusu.

Basi, wamama, tuache neno «nyamaza». Tuwaambie watoto wapeleke ombi hili kwa profesa kupitia shefu wa promosyo, kwa heshima.

Na sisi tuanze katika kikundi chetu. Baada ya somo la kushona, kila mama apewe haragi jeupe na jekundu, atie moja ndani ya kitunga kilichofunikwa: jeupe, nimefahamu; jekundu, bado. Mekundu yakizidi, somo lirudiliwe, na asichekwe mtu.