Saratani ya Damu: Dawa Iko, Fare Ndiyo Noma

Julai 2019 bado inauma. Bob Collymore aliondoka na saratani ya damu, na mwezi huo huo Bomet ikampoteza gavana Joyce Laboso kwa saratani nyingine. Wengi wakasema ukishikwa umeisha. Zii, msee.

Saratani za damu si moja. Kwa ile ya CML, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, inatokea protini inayofanya seli nyeupe zizaane bila breki. Tangu 2001 kuna kidonge, imatinib, kinachozima hiyo protini.

Shida? Kinamezwa kila siku, na vipimo hurudiwa. Mchuma chai wa Kericho akikosa fare ya kliniki Nairobi, anaruka dozi, ugonjwa unarudi. Kaunti, leteni huduma mashinani. Nawe ukichoka na kukonda ovyo, kapimwe damu mapema.