Nani Kasema Mtamani Meli Lazima Azame?

Ipo hadithi moja ambayo sisi waandishi chipukizi wa nchi hii tumeiandika mpaka karatasi zimechoka. Kijana hana kazi. Anakaa ufukweni Dar, karibu na Feri. Meli kubwa nyeupe inaingia bandarini, ghorofa juu ya ghorofa. Kijana anaitazama, moyo unamwenda mbio. Majuu! Siku ya tatu anazamia. Ukurasa wa nane anakamatwa. Ukurasa wa tisa anatupwa baharini, au anaozea jela ya ughaibuni, au anarudishwa akiwa mgonjwa na kumkuta mama yake amekwisha zikwa. Ukurasa wa kumi ameshika jembe, analia, anawaonya wenzake. Mwisho. Na juu ya kaburi lake tunamwekea methali: tamaa mbele, mauti nyuma.

Mimi hadithi hiyo nimeichoka, na leo naandika kuipiga vita.

Siipigi vita kwa kuwa mambo hayo hayatokei. Yanatokea. Naipiga vita kwa sababu inamhukumu mtu kwa kosa la kutazama. Hukumu imeshaandikwa kabla kijana hajainua macho kuiona meli, na sisi tunaojiita waandishi kazi yetu imebaki kumsindikiza kwenda kunyongwa.

Aliyesoma sekondari zetu anajua ilikotoka. Tulipofundishwa fasihi hakuna aliyetuuliza kama hadithi imetugusa. Tuliulizwa dhamira kuu ni ipi, dhamira ndogondogo ni zipi, ujumbe ni upi, na mwandishi amefaulu kwa kiasi gani. Sasa mtu aliyekaa miaka minne akichambua fani na maudhui, siku akishika kalamu aandike riwaya yake anaanza na jibu la mtihani. Anautafuta ujumbe kwanza, halafu anatafuta kijana wa kumtwisha. Na kijana anayetamani kuondoka ndiye rahisi kuliko wote kumtwisha, maana hana mtetezi. Baba hamtetei, serikali haimtetei, mwandishi naye haya, fimbo.

Hebu tazameni upande wa pili. Ile filamu ya Titanic ya mwaka 1997 imezunguka kwenye mabanda ya video mpaka kanda zikakatika, na sisi tuliozaliwa baadaye tumeikuta imewekewa sauti ya Kiswahili juu yake. Jack amepata tiketi kwa kucheza karata, jamani! Hana kazi, hana nyumba, kamari ndiyo iliyomweka daraja la tatu. Meli inazama, anakufa kwa baridi. Nani kati yetu alitoka bandani akisema tamaa mbele, mauti nyuma? Watu walitoka wamevimba macho. Kumbe Mzungu mwenye usongo wa kupanda meli ni mpenzi wetu sote, na Mswahili mwenye usongo huohuo ni mfano wa kufundishia watoto.

Najua wapo watakaosema nawatia vijana moyo wa kuzamia. Sawa, tulizungumze hilo bila kuyeyusha. Mwaka 1992 vijana tisa wa Kiafrika, karibu wote Waghana, walijificha ndani ya meli ya mizigo iitwayo MC Ruby iliyokuwa inaelekea Ulaya. Walipogunduliwa, mabaharia waliwaua wanane wakawatupa majini. Aliponyoka mmoja tu, Kingsley Ofosu, akajificha ndani ya meli hiyohiyo mpaka bandari ya Le Havre, Ufaransa, akaenda kutoa taarifa, na wauaji wakafikishwa mahakamani. Chanzo cha unyama ule kilikuwa fedha, kwani meli inayokutwa na wazamiaji hutozwa faini. Haya, niambieni, wale wanane waliuawa na tamaa yao au waliuawa na watu? Mahakama ya Ufaransa haikumshtaki tamaa. Iliwashtaki watu wenye majina. Sisi waandishi ndio tuliobaki tunaikamata tamaa na kuwaachia wauaji waende zao.

Tena tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza, wale mamia waliokufa hawakuwa wazamiaji. Walikuwa abiria, wanafunzi na wafanyabiashara na akina mama, ndani ya meli iliyobeba kupita uwezo wake. Uhalali wa tiketi haukumwokoa mtu. Sijasikia mtu akiwaandikia methali wale.

Hapa namsikia mshikaji mmoja kijiweni anacheka. Mfipa na meli wapi na wapi? Nyie si watu wa mahindi na baridi?

Ndiyo, ni watu wa mahindi na baridi. Sumbawanga iko juu huko, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni ukiamka alfajiri Katandala au Chanji unaweza kudhani mtu amekumwagia maji ya barafu mgongoni. Lakini shika barabara ya Matai uteremke mpaka Kasanga. Utashuka karibu kilomita nzima kwenda chini, masikio yanaziba, sweta unavua, na mbele yako maji. Ziwa Tanganyika, kina chake mita 1,470 hivi, na duniani ni Baikal peke yake inayolizidi. Ndugu yangu wa Dar, bahari yako pale Feri mtu anaifahamu kina chake kwa nanga. Sisi tumekaa ukingoni mwa shimo.

Na meli tulikuwa nayo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku elfu tano, ikaletwa Dar kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ikaungwa upya ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walipozidiwa waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wakaipaka mitambo mafuta mazito kwanza isije ikaoza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Jina hilo hawakulitoa London. Ndivyo watu wa kusini walivyoliita ziwa lenyewe, na Livingstone alilikuta hivyo alipofika upande wetu mwaka 1867. Meli ilibeba jina la maji yetu kwa vinywa vyetu, na sisi bado tunaulizwa tunajua nini kuhusu meli!

Miaka mingi ilikuwa inatoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, na kurudi, kila baada ya wiki mbili, kabla haijasimama miaka ya karibuni kwa ubovu na kusubiri matengenezo. Vituo vingi njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali majini, honi ikalia, na mitumbwi ikatoka nchi kavu kama siafu waliochokozwa. Nimeiona mwenyewe nikiwa mdogo, nilipokaa kwa mjomba wangu huko chini ziwani, aliyekuwa akinunua dagaa na migebuka mikavu. Mitumbwi inagombana ubavuni mwa meli, mlango wa pembeni uko wazi, mikono imejaa mlangoni. Mtoto anatangulizwa, mama anafuata, gunia linafuata, kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele. Mtu anayeshuka anakutana na anayepanda juu ya ubao mmoja, na chini yao hiyo mita elfu na ushei niliyoitaja. Huko hakuna aliyekaa ufukweni kushangaa taa. Kutamani kupanda ilikuwa kazi ya mikono na mabega, na aliyechelewa alibaki akiangalia moshi, wiki mbili nyingine.

Sasa nisikilizeni wale mnaoota kuandika. Meli hii imeandikiwa riwaya. C. S. Forester, Mwingereza, alitoa The African Queen mwaka 1935, na ile manowari ya Kijerumani iliyomo asili yake ni Goetzen yetu. Mwaka 1951 ikawa filamu, na Humphrey Bogart akapata Oscar. Wenyeji humo wanafagiliwa mapema, wanachukuliwa na Wajerumani, Wazungu wawili wabaki na mto wao kwa raha. Mwaka 2007 Alex Capus, mwandishi wa Uswisi, akaandika riwaya nzima juu ya mafundi wa Papenburg walioileta meli hiyohiyo. Hata vijana wa Kitanzania waliokita kambi chini ya madaraja ya Cape Town wakivizia meli za kuzamia, kitabu chao kiliandikwa na Sean Christie, mwandishi wa habari wa huko, mwaka 2016. Siwalaumu. Waliona hadithi wakaiokota. Ninachouliza ni sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa tunamtupa kijana baharini ukurasa wa tisa.

Mzee Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979, juu ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, alituonyesha meli kwa jicho la anayeubeba mzigo wake. Na mwaka 2013 katika Mbali na Nyumbani akasimulia alivyohangaika ujana wake akitafuta njia ya kwenda Ulaya. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza. Tatizo si lugha.

Nataka niwakumbushe picha moja tu, halafu kila mtu apime mwenyewe. Mei 2015, Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kaskazini ya Kigoma. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikatumwa kuwachukua, na ilibeba kama watu 600 kwa safari moja. Fanya hesabu. Elfu hamsini na zaidi wamekaa mchangani, meli moja yenye umri wa miaka mia inakuja, inajaa, inaondoka, na wewe bado umesimama. Waliitazama meli ile kuliko mtu yeyote aliyewahi kutazama meli. Nenda basi ukawasimulie pale mchangani hadithi yako ya tamaa.

Hizo meli nyeupe za kitalii zinakuja kweli, Dar na Zanzibar, nyingine na watalii zaidi ya elfu mbili ndani. Wanapokewa kwa ngoma, wanazungushwa Mji Mkongwe, jioni wamerudi vyumbani mwao. Gazetini picha ni ya mtalii anayeshuka ngazi amevaa kofia. Lakini mtalii yule naye alitamani! Alikuwa kwao, akaona picha ya Zanzibar ukutani kwa wakala, moyo ukamwenda mbio, akalipa, akaja. Hamu yake na ya kijana aliyesimama nyuma ya uzio ni moja. Mmoja anaitwa mgeni wetu, mwingine anaitwa mhuni, na tofauti yao ni pasi na pesa mfukoni. Hiyo tofauti ndiyo riwaya. Andikeni hiyo. Mnataka adui? Adui huyo hapo, wala huna haja ya kumnyonga mtoto wa watu.

Mwaka juzi nilimpelekea hadithi mhariri mmoja wa Dar, simtaji. Kijana wa Kasanga anapanda Liemba usiku bila tiketi, anakwenda Kigoma, harudi. Hatajiriki, hafi. Majibu yakaja kwamba lugha ni nzuri ila kijana hajutii, sasa wasomaji watajifunza nini? Halafu, kwa kuwa natoka Sumbawanga, nikashauriwa nijaribu mambo ya uchawi, yana soko. Nilicheka peke yangu posta watu wakanigeukia. Wazee wanatuambia jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi. Tumeutupa, na watu wa Dar wanatuomba tuuokote tuwauzie.

Nimeikaa ile sura ya mwisho mara tatu nikijaribu kuona kama itabadilika. Saa nane za usiku honi imelia Kasanga, jamaa amekamata kamba, amepanda, amejikunja kati ya magunia ya mahindi. Kala imepita. Wampembe imepita. Kukicha watakuwa wanaitafuta Kipili. Mkaguzi wa tiketi anazunguka na tochi yake upande wa pili, hajamwona bado, na mimi simwambii.