Onduparaka nayo ina kumbi zake
Hoja ya mwandishi wa makala haya kwamba historia ya burudani ya mtaa husomwa kwenye majumba yake makubwa inaifaa Kampala, ambako Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka 1959 na ambako jumba la zamani la sinema la Norman lilikuja kuwa kanisa, lakini haiitoshi Arua, jiji la West Nile, na wachangiaji waliotangulia wanaodai kwamba Onduparaka, mtaa wa Arua, haina alama yoyote ya kihistoria wameikubali haraka mno. Katika miji ya West Nile kazi ya sinema imefanywa kwa miaka mingi na vibanda vya video, yaani vyumba vya kawaida vyenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni, ambamo VJ, mtu anayeisimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji huku ikiendelea, hupunguza sauti ya waigizaji na kuingiza yake, naye kwa haki anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wasanii wa jukwaa. Ubao wa chaki nje hutangaza filamu ya mchana na mechi ya jioni. Tena upo uwanja wa Green Light, nyumbani kwa Onduparaka FC, klabu iliyoanzishwa mwaka 2011 na kupanda Ligi Kuu mwaka 2016, ambayo ilivuta umati mkubwa wa mashabiki na kulifanya jina la mtaa lijulikane Uganda nzima miaka kadhaa kabla Arua haijapewa hadhi ya jiji Julai 2020.